Akina Mazrui Tunaowajua: Hotuba ya Kamati ya Fedha

 

Sisi wa kamati ya fedha huwa tunapewa dakika za mwisho, wakati harufu ya pilau imeshafika ukumbini na hakuna anayesikiliza tena habari ya salio. Mwaka huu tumeomba tusemwe mapema, na tumeomba tusianze na hesabu. Hesabu zimechapishwa ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki, zimekaguliwa, na yeyote mwenye swali atatukuta mezani karibu na mlango. Tunataka kuzungumzia jina.

Sababu ni hii. Tulipokuwa tukifunga vitabu vya mwaka jana tulikuta kosa. Watu wawili walituma mchango wiki moja, kwa simu, wote wakiwa na jina la kwanza moja, jina la baba moja, na mwisho wake Mazrui. Tukaandika fedha zote kwa mmoja. Huyu akapewa shukrani mara mbili hadharani, na yule mwingine, aliyejinyima kweli kutoa alichotoa, akakaa kimya miezi mitatu akidhani tumemla. Kosa lilikuwa letu, tumemwomba radhi na ametusamehe. Lakini siku ile tulipokuwa tukilisahihisha, kijana mmoja anayetusaidia kuingiza risiti kwenye kompyuta aliuliza: "Hawa akina Mazrui wanaotajwa vitabuni ni wepi hasa, na ni watu wangapi?" Sisi wakubwa tukaangaliana. Kila mmoja alijua kipande. Mmoja alimjua profesa wa televisheni, mwingine alimjua kadhi, wa tatu alijua habari za ngome tu. Basi tukasema tuviweke vipande pamoja, tuwaletee.

Tuanze Mombasa. Jina limetoka Oman, ndilo Al-Mazrui. Waomani waliwatoa Wareno ndani ya Fort Jesus mwaka 1698, na katika karne iliyofuata Imamu wa Oman akawa anawatuma maliwali kuitawala Mombasa kwa niaba yake. Mmoja wao alikuwa Muhammad bin Uthman Al-Mazrui. Huko Oman utawala ulipobadilika mikono na kuingia Albusaidi, Muhammad alikataa kumtambua mtawala mpya. Kwa maneno yetu ya uhasibu, aliacha kupeleka makusanyo makao makuu. Aliuawa kwa hilo mwaka 1746, lakini nduguye Ali bin Uthman aliichukua ngome tena, na akina Mazrui wakaishika Mombasa kwa karibu miaka 90 zaidi. Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa Mombasa, aliishi katika siku za mwisho za utawala huo, na katika mashairi yake ya kisiasa alikuwa upande wao.

Utawala huo ulikwisha 1837. Seyyid Said aliingia ngomeni, na wakuu wa ukoo wakakamatwa, wakapakiwa merikebuni wakapelekwa Bandar Abbas. Hawakurudi. Waliobaki walitawanyika, wengine wakaenda kusini, Gazi, na wengine wakaja kaskazini, hapa petu. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini kijiji kidogo cha wavuvi kando ya hori kina misikiti ya zamani na makaburi ya watu wakubwa, jibu ni kwamba hapa palikuwa mahali pa kukimbilia.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo kwenye sherehe kama hizi hurukwa. Waliokuja hapa walilima nafaka, na nafaka hiyo haikulimwa kwa mikono yao. Mashamba ya Takaungu yalilimwa na watumwa. Wapo waliotoroka wakaenda kuishi Fuladoyo, ndani huko, na wapo waliobaki mpaka utumwa ulipofutwa kisheria pwani mwaka 1907. Ukumbini humu mna watu ambao babu zao walikuwa na jina hili, na mna watu ambao babu zao walimilikiwa na wenye jina hili, na mna Wagiriama ambao babu zao walifanya biashara nao na kupigana nao kwa zamu. Wote wanalipa ada ya chama ileile. Tukisema basi "akina Mazrui wetu", tunasema wa mji wetu, wenye heshima zao na madeni yao.

Mtu wa pili ni Mbaruk bin Rashid wa Gazi, na hapa kijana wetu wa risiti alishika kichwa, maana katika vita ile kulikuwa na Mbaruk bin Rashid wawili. Mambo yalianzia hapahapa. Mapema mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu. Kwa desturi ya ukoo, mwenye haki zaidi alikuwa Mbaruk bin Rashid, mtoto wa nduguye. Lakini Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiendesha pwani ilimtaka Rashid, mtoto wa marehemu, kwa kuwa aliwaelekea wao. Wakamsimika Rashid. Mbaruk wa Takaungu akakataa, akatoka na silaha, na nduguye Aziz akawa naye. Akakimbilia kwa jamaa yake wa jina lilelile, mzee wa Gazi.

Mzee yule alikuwa amekwisha kupigana na Zanzibar mara nyingi maishani mwake. Hakuharakisha safari hii. Waingereza walimtaka awatoe wageni wake, naye akashindwa kuwatoa, au hakutaka. Mwaka huohuo Kampuni iliikabidhi pwani kwa serikali ya Uingereza, na vita ikawa ya serikali. Ngome yake ya Mwele, kwenye vilima nyuma ya Gazi, ilivamiwa na kuangushwa Agosti 1895. Askari waliletwa kutoka India. Aprili 1896 akavuka mpaka na watu wake akajisalimisha kwa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia mwaka 1910. Fort Jesus yenyewe, nyumba ya babu zake, ilifanywa jela na Waingereza kuanzia 1895, ikabaki jela hadi 1958.

Tumesema wazee wetu walishindwa mara mbili kwa bunduki, 1837 na 1896. Baada ya hapo jina halikusikika tena kwa vita. Lilisikika kwa karatasi.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa 1891, wakati Mbaruk bado yuko Gazi. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni, akafa mtoto angali mdogo sana. Akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi, kisha akaenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Angeweza kukaa msikitini akasomesha fiqhi mpaka mwisho, na watu wangembusu mkono. Yeye alifungua gazeti.

Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, na 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Alikuwa akisoma maandishi ya wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida, na alitaka Waislamu wa pwani waamke. Aliwaambia kwa lugha yao, tena lugha ya waziwazi, kwamba wanapitwa. Aliandika kuhusu uvivu, kuhusu kuiga mabaya ya Wazungu na kuyaacha mazuri yao, kuhusu fedha zinazoteketea katika harusi na matanga huku watoto hawana elimu. Aliandika kwamba watoto wa kike wasomeshwe. Kumbukeni ni miaka ya 1930. Baadhi ya makala yale yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Sisi tunaoshika fedha za chama tungependa yale ya harusi yasomwe kila Agosti, wakati ahadi za michango zinaposhuka ghafla na mahema ya harusi yanapopanda kila mtaa, lakini tunajua hatutapendwa.

Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeifasiri Kurani kwa Kiswahili na ambaye kitabu chake kimo katika nyumba nyingi humu. Pia aliandika kwa Kiarabu historia ya akina Mazrui wenyewe, na ile ndiyo imetupa sehemu kubwa ya tuliyoyasema juu ya ngome.

Mwanafunzi wake mwingine, na mkwewe, alikuwa Sheikh Muhammad Kassim Mazrui. Naye alikuwa Kadhi Mkuu, kuanzia mwaka wa uhuru, 1963, hadi 1968. Aliandika kwa Kiswahili maisha ya makhalifa wanne, vitabu vyembamba vya bei nafuu ambavyo wengi wetu tulivisoma madrasa bila kutazama jina la mwandishi. Katika miaka ya 1970 akatoa gazeti lake, Sauti ya Haki. Alifariki 1982.

Sasa tunafika kwa yule ambaye kila mtu anamjua, na ndiye hasa aliyetufanya tusimame hapa.

Ali Al-Amin Mazrui alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933, mwana wa Kadhi Mkuu huyo tuliyemtaja. Baba alitaka amfuate njia ya elimu ya dini, lakini baba alifariki kijana akiwa na miaka 14. Akaendelea na shule ya serikali. Alipofanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari, alipata daraja la tatu. Makerere, ambayo ndiyo ilikuwa chuo kikuu pekee katika Afrika Mashariki, ikamkataa.

Tunarudia kwa ajili ya vijana waliokaa nyuma. Mtu ambaye baadaye aliandika vitabu zaidi ya 30 alipata daraja la tatu, na akakataliwa.

Akapata kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Alikaa pale miaka. Ingeishia hapo. Ingekuwa ni mtoto wa mtu mkubwa aliyekuwa karani, kama wengi tunaowajua, na hakuna ubaya katika ukarani, sisi wengine tulianzia hapo. Lakini siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 1950, taasisi ilifanya sherehe ya Maulidi, na Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, akaalikwa. Karani kijana akapewa nafasi ya kusema machache juu ya Mtume. Gavana akasikiliza. Baadaye akauliza huyu ni nani na anafanya nini. Kutokana na hapo, baada ya kuzungushwa kwingi, ulipatikana msaada wa masomo, na mwaka 1955 Ali Mazrui akaenda Huddersfield, Uingereza, kurudia masomo ya sekondari. Mtu wa miaka 22 akakaa darasani kurudia aliyoyafeli.

Yaliyofuata yanajulikana. Shahada ya kwanza Manchester 1960, ya pili Columbia, New York, 1961, ya udaktari Oxford 1966. Makerere ile iliyomkataa kama mwanafunzi ilimwajiri kama mwalimu, akawa profesa na mkuu wa idara huko, na mihadhara yake ikawa inajaza ukumbi mpaka watu wanasimama madirishani. Idi Amin alipochukua Uganda, Mazrui alinena, na 1973 akalazimika kuondoka. Akaenda Michigan, kisha Binghamton katika jimbo la New York. BBC ilimpa mihadhara ya Reith mwaka 1979. Mwaka 1986 ukaja mfululizo wa televisheni wa sehemu tisa kuhusu Afrika, ambao aliuandika na kuuzungumza mwenyewe mbele ya kamera. Hoja yake ni kwamba Mwafrika wa leo amerithi pande tatu, mila zake, Uislamu na Umagharibi. Sisi wa Takaungu hatukuhitaji kuelezwa sana hilo, tunaliona kila Ijumaa.

Kwa wenye kushika fedha kuna kisa kimoja ndani ya habari hiyo. Taasisi ya umma ya Marekani iliyokuwa imechangia gharama za vipindi vile iliona maneno yake yanaikosoa mno nchi za Magharibi. Mkuu wake, Lynne Cheney, akataka jina la taasisi liondolewe katika orodha ya wafadhili. Fedha zilikwisha kutumika, vipindi vikaonyeshwa. Katika miaka yote ya kazi hii tumewaona wachangiaji wengi wakilalamika kwamba jina lao halikuandikwa. Huyo ndiye wa kwanza tuliyesikia akilalamika kwamba limeandikwa.

Alifariki Marekani tarehe 12 Oktoba 2014. Mwili ulirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya akina Mazrui, hatua chache kutoka Fort Jesus.

Kuna mwingine aliye hai, nasi tumtaje kwa ufupi ili tusimtie aibu. Profesa Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliandika tamthilia ya Kilio cha Haki iliyotoka 1981, kuhusu wafanyakazi wa shamba wanaoongozwa na mwanamke aitwaye Lanina. Mwaka uliofuata alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Mashairi aliyoyatunga huko yalichapishwa 1988 kwa jina la Chembe cha Moyo. Yeye na Profesa Ali waliandika pamoja vitabu juu ya Kiswahili na siasa za lugha Afrika. Sisi tuliona ajabu nzuri kwamba mtu wa ukoo uliomiliki mashamba aliandika tamthilia akiwa upande wa wenye majembe.

Haya. Sasa fedha.

Kifungu cha nne cha kanuni za mfuko wetu wa karo kinasema mwombaji awe amepata alama ya B au zaidi. Tulikiandika sisi, wengine wetu tuliopo mezani hapa, na tulikuwa na sababu. Fedha ni chache, waombaji ni wengi, na alama haina upendeleo. Mhasibu anapenda kitu kinachohesabika. Lakini tulipomaliza kukusanya habari za Profesa Ali, mmoja wetu akauliza: kwa kanuni yetu, tungempa? Tukafungua kanuni. Tusingempa. Fomu yake ingerudishwa na mhuri, bila kufika mbele ya kamati.

Mwaka jana tulirudisha fomu ya msichana mmoja wa hapa. Alikuwa na C. Pembeni mwa fomu, mahali ambapo hapakuulizwa kitu, alikuwa ameandika kwamba anasomesha watoto wa chekechea madrasa jioni na anashika daftari la ada zao tangu ana miaka 15. Tulilisoma lile daftari baadaye, kwa bahati tu, tulipokwenda kwa jambo jingine. Lilikuwa safi kuliko baadhi ya vitabu tunavyolipwa kuvikagua mjini. Wakati huo fomu yake ilikuwa imeshapigwa mhuri miezi mitano.

Tunapendekeza mambo mawili, na tunasema wazi kwamba katika kamati hatukukubaliana sote.

La kwanza, sehemu moja katika kumi ya mfuko itengwe kwa walioanguka au waliopata alama ndogo, ambao wako tayari kurudia au kujifunza ufundi. Hawa waitwe, wakae mbele ya watu, wasikilizwe. Wenzetu waliopinga wana hoja, nayo tuitaje: kila mzee atamleta mjukuu wake, na baada ya miaka miwili fungu hili litakuwa la watoto wa wanakamati. Ni kweli inaweza kuwa hivyo. Kwa hiyo wanaosikiliza wawe walimu watatu wasio wenyeji wa hapa, na mwanakamati akiwa na jamaa anayeomba, atoke nje.

La pili limetokana na habari hizi zote za jina. Fomu zote, za fungu la kwanza na la pili, zisomwe zikiwa zimefunikwa jina la ukoo. Namba tu. Tumewaeleza kwa kirefu watu waliobeba jina kubwa, na tunaona fahari nao, lakini tumekaa kwenye kamati hii miaka ya kutosha kujua jina kubwa linavyofanya fomu isomwe polepole na jina lisilojulikana linavyofanya isomwe haraka. Atakayepinga hili tunamwomba aseme hapa hadharani, asitupigie simu usiku.

Kura itapigwa leo baada ya sala ya alasiri. Wasiohudhuria wanaweza kutuma kura yao kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maandishi. Fomu za ahadi za mchango mmezikuta kwenye viti. Na anayetuma kwa simu, tafadhali, baada ya jina lako na la baba yako, andika na la babu. Akina Mazrui, hasa nyinyi.

Chakula kiko tayari.